Jando la Wall Street

Kitabu cha desturi za Waswahili alichokitoa Carl Velten mjini Göttingen mwaka 1903, ambacho sehemu kubwa yake iliandikwa na Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, kinaeleza pamoja na mengine jinsi mtoto anavyovushwa kuingia utu uzima: nani anamchukua, nani anamfundisha, anakatazwa nini, na siku ya kutoka anapokewaje. Tangu enzi hizo mpaka leo, mtu akitaja mila na desturi, mawazo ya wengi wetu huenda kijijini, kwenye ngoma na kwa wazee. Hayo ni mazoea finyu. Watu wa maghorofa ya vioo ya Manhattan na ya Canary Wharf jijini London nao wana vyeo vyao, mavazi yao, miiko yao na ada zao, tena wanazishika kwa bidii ambayo wazee wengi wangeionea wivu. Jando pia wanalo. Kila mwaka, kati ya Juni na Agosti, maelfu ya wanafunzi wa vyuo vikuu, wengi wao wakiwa na umri wa miaka 20 au 21, huingia katika benki za uwekezaji kwa uanagenzi wa majuma kumi hivi, na mwisho wake ama hukubaliwa kuwa watu wa ndani ama huachwa nje. Ninalodai ni hili: saa ndefu zilizoupa uanagenzi huo sifa duniani kote hazitokani na wingi wa kazi. Ni mila ya kumpima mgeni kabla ya kumwita ndugu. Kwa sababu hiyo kila kanuni iliyotungwa kuzipunguza imekwama, na nyingine zitakwama vilevile iwapo zitagusa saa bila kugusa maana yake.

Inafaa kwanza kueleza nyumba yenyewe. Benki ya uwekezaji haiishi kwa kupokea akiba ya mwalimu au malipo ya korosho ya mkulima. Inashauri makampuni yanaponunuana, inauza hisa na hatifungani kwa niaba ya makampuni na serikali, na inafanya biashara masokoni. Serikali ya Kenya ilipouza robo ya Safaricom mwaka 2008, hisa bilioni kumi kwa shilingi tano kila moja, walioiongoza kazi hiyo walikuwa Dyer & Blair ya Nairobi pamoja na Morgan Stanley ya New York. Kenya ilipokwenda tena sokoni Juni 2014 na kukopa dola bilioni mbili kwa hatifungani, JP Morgan na Barclays zilikuwa miongoni mwa benki zilizoipanga. Nyuma ya miamala ya namna hiyo huwa kuna kijana aliyejaza majedwali ya Excel usiku, na nyuma ya kijana huyo yuko mwanafunzi anayemsaidia. Kwa hiyo jambo hili haliko mbali nasi kama linavyoonekana. Deni letu hupitia mikononi mwao, na vijana wa Nairobi, Kampala na Dar es Salaam wanaosoma Marekani na Uingereza wamo katika foleni ya kuomba nafasi.

Arnold van Gennep, katika kitabu chake cha mwaka 1909, aliona kwamba taratibu za kumvusha mtu kutoka hali moja hadi nyingine huwa na hatua tatu: hutengwa na wenzake, hukaa katikati kwa muda akiwa si huku wala si kule, kisha hurudishwa akiwa mtu mwingine. Katika benki kutengwa huanza mapema mno. Nchini Marekani mwanafunzi huomba nafasi zaidi ya mwaka mmoja kabla ya majira ya joto yenyewe, mara nyingi akiwa bado mwaka wa pili wa chuo. Goldman Sachs peke yake ilipokea maombi zaidi ya 300,000 kwa ajili ya uanagenzi wa mwaka 2024, ikachukua pungufu ya mmoja katika kila mia. Mwanasosholojia Lauren Rivera, aliyewahoji watu 120 wanaohusika na kuajiri katika benki, kampuni za uwakili na kampuni za ushauri, alionyesha katika kitabu chake Pedigree cha mwaka 2015 kwamba wasaili hutafuta zaidi ya alama za darasani. Wanatafuta mtu watakayependa kukaa naye ofisini usiku wa manane, na mara nyingi mtu huyo hugeuka kuwa aliyelelewa kama wao, anayecheza michezo yao na kusafiri walikosafiri. Karen Ho, mwanaanthropolojia aliyefanya kazi Bankers Trust kabla ya kuandika Liquidated (2009), anaeleza jinsi benki zinavyowaendea wanafunzi wa Princeton na Harvard na kuwaambia kwamba wao ndio werevu kuliko wote na kwamba werevu wote huishia Wall Street. Basi kijana aliyeitwa ameshachujwa kwa akili, kwa nasaba na kwa tabia. Kama kuchujwa kumekwisha, majuma kumi yanapima nini?

Akiingia, hukuta ngazi ambayo kila kidato chake kina jina. Chini kabisa yuko yeye. Juu yake ni mchambuzi, kijana aliyemaliza chuo juzi, kisha mshirika, kisha makamu wa rais, cheo ambacho kwa mgeni huonekana cha kutisha ingawa katika benki moja wanaokishika huwa wengi mno na wengine hawajavuka sana miaka thelathini, kisha mkurugenzi, na juu ya wote mkurugenzi mtendaji. Kuna mavazi. Kwa miaka mingi ishara ya kabila hili imekuwa kizibao chepesi cha kuzuia baridi kilichotariziwa nembo ya benki, kikivaliwa juu ya shati la kola. Ishara hiyo ilikuwa na uzito kiasi kwamba mwaka 2019 kampuni ya Patagonia ilipoamua kuchagua kwa makini makampuni itakayoyawekea nembo kwenye vizibao vyake, habari ilienea kote katika ulimwengu wa fedha. Kuna vikumbusho vya ushindi: muamala ukikamilika, walioshiriki hupewa sanamu ndogo ya plastiki angavu yenye majina ya makampuni na kiasi cha fedha ndani yake, na meza ya mkubwa hutambulika kwa wingi wa sanamu hizo. Kuna chakula cha ada: katika benki nyingi anayebaki ofisini hadi jioni hulipiwa mlo, na anayebaki zaidi hulipiwa gari la kumrudisha nyumbani, hata kijana akajikuta anaujua usiku kwa haki zinazofunguka kila saa inapogonga. Kuna na miiko. Usivae vizuri kuliko bosi wako, usiseme umechoka, usiulize swali ambalo mchambuzi angeweza kulijibu, na usiondoke kabla ya aliye juu yako.

Mwiko huo wa mwisho ndio kiini cha mambo, na ili kuuelewa ni lazima kufuata safari ya kabrasha moja. Kazi kubwa ya vijana wa upande wa ushauri ni kutengeneza makabrasha ya mapendekezo: kurasa nyingi za michoro, majedwali na makadirio ya thamani, zinazokusudiwa kumshawishi mkurugenzi wa kampuni fulani kwamba wakati wa kununua mshindani wake umefika. Mapendekezo mengi ya namna hii hayazai muamala wowote, na kurasa zake nyingi za nyuma hazifunguliwi na mteja. Mkurugenzi mtendaji hushinda mchana kwa wateja na safarini, hivyo hulisoma kabrasha jioni. Masahihisho yake humshukia makamu wa rais, naye huongeza yake. Hushuka kwa mshirika, naye vilevile. Humfikia mchambuzi usiku unapoingia, na mchambuzi humgawia mwanagenzi kurasa za kurekebisha. Asubuhi kabrasha liwe limepanda ngazi likiwa safi. Mchana, mwanagenzi huyohuyo huweza kukaa saa nzima akingoja, macho kwenye kompyuta, kwa sababu hakuna aliyempa kitu na hawezi kuondoka. Hapa ndipo dai la wingi wa kazi linapovunjika. Kama kazi ingekuwa inazidi saa za mchana, mchana ungejaa kwanza. Tunachokiona ni siku yenye utupu asubuhi na msongamano usiku, na umbo hilo limechongwa na vyeo: muda wa mkubwa una thamani, muda wa mdogo hauna, basi mdogo hungoja. Kungoja kwenyewe ndiko kunakofundishwa. Mtu aliyekaa mpaka saa nane za usiku akibadilisha rangi ya michoro na kuhakikisha nukta zimepangana hajajifunza mengi kuhusu thamani ya kampuni, lakini ameonyesha kwamba muda wake si wake tena.

Ushahidi wenye uzito zaidi unatoka katika juhudi za benki zenyewe za kujirekebisha. Agosti 2013 mwanagenzi Mjerumani wa miaka 21 aliyekuwa katika benki moja kubwa jijini London alikutwa amekufa katika makazi yake, mafunzo yakikaribia kwisha. Uchunguzi rasmi wa kifo ulieleza kwamba alipatwa na kifafa. Uchovu ulitajwa kuwa huenda ulichochea, ila haikuthibitika. Msiba huo uliishtua biashara nzima, na kwa haki. Mwaka huohuo Goldman Sachs iliwataka wachambuzi wake wasiwe ofisini kuanzia Ijumaa usiku hadi Jumapili asubuhi. Mwaka 2014 Bank of America ikawaambia vijana wake wapumzike angalau siku nne za mwisho wa juma katika kila mwezi. Mwaka 2015 Goldman ikawakataza wanagenzi kuwa ofisini kati ya saa sita usiku na saa moja asubuhi. Ingekuwa kwamba saa ndefu ni ajali ya mpangilio, kanuni hizo zingetosha. Lakini mapema mwaka 2021 wachambuzi 13 wa mwaka wa kwanza wa Goldman hiyohiyo waliandaa ripoti kuhusu hali yao, kwa mtindo uleule wa slaidi waliofundishwa kuwaandalia wateja, wakaeleza kwamba wanafanya kazi zaidi ya saa 90 kwa juma na kulala saa tano kwa usiku. Mwaka 2024 magazeti ya Marekani yaliandika kwamba katika benki nyingine kubwa vijana waliambiwa na wakubwa wao waandike saa pungufu ya walizofanya, ili kanuni isionekane imevunjwa. Mwaka huohuo JP Morgan ikaweka kikomo cha saa 80 kwa juma kwa vijana wake, ikiacha mlango wazi pale muamala unapoendelea. Soma mfululizo huo kwa makini. Kila kanuni imewekwa kwa aliye chini: yeye aondoke, yeye apumzike, yeye aandike saa zake. Hakuna hata moja niliyoitaja inayomwambia aliye juu atoe masahihisho kabla ya saa kumi jioni. Na kijana anayejua kwamba anayepima uaminifu wake ndiye anayesubiri kabrasha, akipewa haki ya kwenda nyumbani, ataiona haki hiyo kuwa mtego.

Liko jaribio moja ambalo hakuna aliyelipanga. Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipofunga ofisi, uanagenzi ulihamia kwenye kompyuta za nyumbani, na katika baadhi ya benki kubwa ulifupishwa ukawa wa majuma matano. Citi ilitangaza mapema kwamba wanagenzi wake wa New York, London na vituo vingine vikubwa watakaotimiza masharti ya chini watapewa ajira ya kudumu wakihitimu. Hakuna aliyekesha akionekana, hakuna aliyemfuata bosi kwenye lifti, na ajira zikatolewa. Kama usiku ungekuwa ndio chujio la lazima la kutenganisha wanaofaa na wasiofaa, benki zisingethubutu kuliondoa na bado kuahidi kazi. Zilithubutu kwa sababu zilijua, bila kulitamka, kwamba uchujaji ulikwisha zamani, kwenye maombi na usaili. Hata hivyo mila haikufa kwa kukosa jengo. Waliokuwa na saa zaidi ya 90 mwaka 2021 walikuwa wengi wao wakifanyia kazi nyumbani. Hawakuwa na bosi wa kumwona akivaa koti, basi wakabaki hawajui ni lini siku imekwisha.

Wenye benki wana majibu, na si majibu ya kupuuzwa. La kwanza ni kwamba mteja hangoji. Kampuni ikitaka kumnunua mshindani kabla habari hazijavuja, au serikali ikitaka kuuza hatifungani kabla riba haijapanda, siku mbili zinaweza kugharimu mamilioni, na aliyechagua kazi hii alijua. Nalikubali jibu hili kwa sehemu: yapo majuma ya muamala hai ambapo kukesha ni halali kabisa, na kijana hujivunia kuwa ndani yake. Lakini linaeleza majuma machache, nasi tunazungumzia desturi ya msimu mzima, ambayo huendelea hata wakati hakuna muamala na kabrasha linaandaliwa kwa mteja asiyeliomba. Tena ndani ya benki hiyohiyo kuna upande wa pili, wa wanaouza na kununua masokoni, ambako fedha ni nyingi vilevile na mteja ni mkali vilevile. Soko la hisa la New York hufunguliwa saa tatu na nusu asubuhi na kufungwa saa kumi jioni. Watu wa upande huo huingia alfajiri na kwa kawaida huondoka jioni. Wanagenzi wa huko hawapimwi kwa usiku. Wanapimwa kwa kubeba kiti kidogo kutoka meza hadi meza kuomba ruhusa ya kukaa na kutazama, kwa kukumbuka nani anakunywa kahawa gani, kwa kuulizwa bei na riba mbele ya watu na kujibu bila kigugumizi. Wote wanapimwa, ila kila upande hutumia kile ulichonacho: mmoja una usiku, mwingine una aibu ya hadharani. Nami naona hapo ndipo inapobainika wazi zaidi kwamba kinachotafutwa ni kupima, na kazi ni kisingizio kilicho karibu.

Jibu la pili ni kwamba wanalipwa, tena vizuri, na hakuna aliyewalazimisha. Kuhusu malipo, hesabu ni rahisi. Baada ya nyongeza za mwaka 2021 mshahara wa msingi wa mchambuzi wa mwaka wa kwanza Goldman ulifika dola 110,000. Ugawe kwa majuma 52 na kisha kwa saa 90, utapata kama dola 23 na nusu kwa saa. Ugawe kwa saa 40, unapata karibu dola 53. Bonasi huongeza, na kiasi hicho bado ni ndoto kwa vijana wengi duniani, lakini sifa ya utajiri inayowavuta wanafunzi imejengwa kwa kuhesabu mwaka bila kuhesabu saa. Kuhusu hiari, sheria ya Uingereza ya mwaka 1998 inaweka wastani wa saa 48 kwa juma, na inamruhusu mfanyakazi kusaini kwamba ameuacha ulinzi huo. Mwanagenzi aliyeshindana na maelfu kupata nafasi, ambaye ofa yake ya kurudi inategemea maoni ya walio juu yake, husaini karatasi hiyo pamoja na nyingine zote. Hiari ya namna hiyo ipo, sikatai, ila ni ya mtu ambaye tayari amekubali kwamba kukataa ni kujitoa. Isitoshe, ukali wenyewe huvuta. Michael Lewis alipotoa Liar’s Poker mwaka 1989, akisimulia mafunzo yake Salomon Brothers, alidhani anawaonya vijana. Baadaye alieleza kwamba wanafunzi walimwandikia kumuuliza kama ana siri zaidi za kuwasaidia kuingia. Mateso yaliyosimuliwa na aliyefuzu hugeuka kuwa tangazo, na mila yoyote ya kufuzu hufanya hivyo.

Jibu la tatu ndilo ninaloliheshimu zaidi: kwamba katika majuma kumi kijana hujifunza kuliko katika mwaka wa darasani. Ni kweli kwamba anayetoka huko anajua kusoma mizania, kuona udanganyifu katika makadirio ya faida, kuandika bila kosa na kutunza siri. Hayo ni maarifa ya maana, na nchi zetu zinayahitaji mno kila zinapokaa mezani na wakopeshaji. Swali ni kama yanafundishwa na usiku au yanafundishwa licha ya usiku. Madaktari wa Marekani walikuwa na mila inayofanana, ya kuwakesheza madaktari wanafunzi, na waliitetea kwa maneno haya haya; tena wao walikuwa na mgonjwa kitandani, sababu nzito kuliko kabrasha lolote. Hata hivyo tangu 2003 mafunzo yao nchini humo yamewekewa wastani wa juu wa saa 80 kwa juma, na utabibu wa Marekani haukuporomoka. Mtu asiyelala hupokea kidogo na husahau kingi. Kama nia ingekuwa elimu, mkubwa angekaa na mwanagenzi nusu saa amweleze kwa nini amefuta ukurasa wa kumi na mbili. Badala yake ukurasa hurudi na mstari mwekundu.

Linabaki pingamizi linalotoka upande wetu. Mtu anayejua jando la kweli anaweza kusema: kwani lipi si kali? Wari hulala chini, huvumilia baridi na maumivu, hutukanwa, na hawana ruhusa ya kulalamika. Mbona benki ilaumiwe kwa kile ambacho mababu walikiona ni malezi? Nakubali kwamba ukali peke yake si hoja dhidi ya mila, na sitaki kuyapamba majando yetu, ambayo baadhi yamedhuru watoto. Lakini tazama yanavyoundwa. Victor Turner, aliyeishi na Wandembu wa kaskazini magharibi mwa Zambia katika miaka ya 1950, aliandika kwa urefu juu ya hali ile ya katikati ambamo vijana huvuliwa vyeo vyote na kuwa sawa. Hali hiyo ina mipaka miwili. Wa kwanza ni wa wakati: kumbi huchomwa moto wari wanapotoka, kama ilivyo pia kwa Wayao, na hakuna anayeweza kurudishwa humo. Wa pili ni wa dhamana: kungwi hulala karibu na wari, na mtoto akidhurika wazazi wanajua wa kumwuliza. Benki imechukua ukali na kuiacha mipaka. Mwanagenzi akipata ofa hafuzu. Hurudi mwaka unaofuata kama mchambuzi na kukuta usiku ni uleule, kwa miaka miwili au mitatu, akiambiwa kwamba akipanda cheo utakwisha. Na anayemkesheza hana jina. Mkurugenzi mtendaji hajui nani alirekebisha ukurasa wake, makamu wa rais alipitisha tu yaliyotoka juu, mchambuzi naye ni mtumwa wa ratiba hiyohiyo. Hata usawa wa wari, lile jambo jema ambalo Turner alilisisitiza, haupo kikamilifu, maana wanagenzi wa kundi moja wanajua kwamba si wote watakaopewa ofa.

Yanayofuata baada ya mila isiyo na mwisho tunayajua kutokana na kazi ya Alexandra Michel, aliyewahi kufanya kazi katika benki ya uwekezaji kabla ya kuwa mtafiti. Aliwafuatilia wafanyakazi wa benki mbili kwa miaka tisa na kuchapisha matokeo mwaka 2011. Aliowachunguza waliamini kwamba wanajiamulia wenyewe, na benki ziliwaambia hivyohivyo. Miaka ya mwanzo waliuendesha mwili kwa akili, wakipuuza usingizi na maradhi. Karibu na mwaka wa nne mwili ukaanza kugoma: usingizi kupotea, maumivu ya kudumu, ulaji kuvurugika, hasira zisizozuilika. Wengi walizidi kupigana nao. Baadhi walianza kuusikiliza, wakabadilisha namna yao ya kufanya kazi, na Michel aliona kwamba kwa watu hao uamuzi na ubunifu uliongezeka. Matokeo haya yanaifuta hofu ya mwisho ya wakubwa, kwamba bila mateso ubora utashuka. Kwa hiyo anayetaka kuwalinda wanafunzi asianze na saa zao. Aanze na saa ya mwisho ya mkubwa kutoa masahihisho. Aondoe uamuzi wa ofa mikononi mwa wale wanaonufaika na kukesha kwa kijana. Na kila mwanagenzi akabidhiwe kwa mtu mmoja wa wale walioanza kuusikiliza mwili wao, mwenye mamlaka ya kumtuma nyumbani bila kuomba ruhusa ya yeyote, na ambaye bonasi yake itakatwa mwanafunzi wake akikeshezwa pasipo muamala.